Kompyuta Haioni Diski

Jumatatu, 7 Novemba 2016

Leo nimewazidi ujanja! Mimi daktari huniambia "vidonda vya tumbo tu, mzee", kisha humwita binti yangu Bi-lian nje ya mlango, wananong'ona weee. Vidonda gani vya kunong'onezwa? Kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kujua. Jirani Khoo alizikwa akiamini ana kikohozi. Basi nimerudi hospitali peke yangu, nikatoa kitambulisho dirishani, nikapewa diski: picha za tumbo langu na ripoti yake.

Mezani nikamwonyesha Bi-lian. Akaweka vijiti vya kulia chini. Akasema, Baba, kula kwanza, acha nikufutie kompyuta vumbi. Akairudisha inang'aa, juu yake pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, ile ambayo kwetu huwekwa juu ya mashine kama hirizi, ili itulie. Lakini pembe ya pakiti imekatwa! Yeye anafanya kazi chumba cha kompyuta cha benki, anajua masharti ya pakiti kuliko mimi: iwe ya kijani, isipitwe na tarehe, isifunguliwe kabisa. Nikamwuliza, iliyofunguliwa imeanza lini kufanya kazi? Eti alionja kidogo.

Nikabonyeza droo ya diski. Imegoma.

Jumanne, 8 Novemba

Droo nimeifungua kwa klipu ya karatasi, kupitia kile kitundu chake. Diski nimeitia. Kompyuta haioni! Nimezima, nimewasha. Kwenye orodha ya vifaa kuna kibodi, kuna kipanya, kuna spika – draivu ya diski hamna, kama vile haijawahi kuwepo.

Tumbo linauma. Sijala, nimesema nimekula.

Jumatano, 9 Novemba

Nimempigia mwanangu Chun-hsiung, mhandisi, Taipei. Siku zote hana dakika mbili za baba yake – leo saa nzima! Na upole juu. Baba, bonyeza hiki. Baba, ondoa programu ile. Hata kwenye ule ukurasa wa bluu unaokuja kabla mashine haijaamka, hakuna kitu. Akasema, basi imekufa, usinunue nyingine, hazitumiki tena siku hizi. Kisha akasema Jumamosi anakuja na watoto. Si mwaka mpya, si siku ya kufagia makaburi ya wazee, ndizo siku zake za kuja. Anakuja kufanya nini?

Naogopa. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 10 Novemba

Mzee Tiunn wa mlango wa pili ana kompyuta nzima. Lakini nikimpelekea diski, mtaa wote utayajua matumbo yangu kabla ya chai.

Bi-lian amepika uji wa samaki mwatiko, akatoa miba mmoja mmoja, kama nilivyomtolea mimi alipokuwa mdogo. Nikamwambia, unanifanya mgonjwa, mwanangu. Akacheka, akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Jumamosi, 12 Novemba

Bi-lian ameenda stesheni kumpokea kaka yake. Nimeigeuza kompyuta chali. Skrubu moja tu! Draivu ikateleza ikatoka. Kwa nyuma kuna meno madogo ya rangi ya dhahabu, ndiyo yanayoshikana na mashine. Juu yake – kipande cha nailoni. Kimekatwa vizuri kwa mkasi, kimebandikwa kwa gundi. Cha kijani. Nimekiweka kwenye pembe ya ile pakiti. Kimekaa sawasawa.

Nimecheka peke yangu. Kisha nikalia. Ripoti sijaifungua, lakini nani anaficha vidonda namna hii? Na Chun-hsiung naye, saa nzima kwenye simu, anajua!

Nimekasirika. Nawapenda mno. Yote mawili.

Nimekibandua. Nimerudisha draivu, nimewasha. Taa inawaka, diski inazunguka. Mashine imeiona – inauliza, nifungue?

Mlango wa chini. Viatu vya wajukuu. Bi-lian anaita, Baba, umekula? Sauti nyepesi kupita kiasi. Ameifanyia mazoezi njia nzima. Chun-hsiung anacheka kitu ambacho hakuna aliyekisema. Wanapanda ngazi.

Kipande cha kijani kimo kiganjani. Nikikirudisha, leo tutakula wote kwa furaha. Gundi bado inanata –