Profesa wa Maegesho

Alhamisi, 1 Agosti

Mume wangu amesema twende kutembea. Mimi na yeye! Nchi nzima, wiki moja, kwa gari la kampuni. Nilikuwa nasahihisha madaftari, kalamu nyekundu ikanichoropoka. Miaka ishirini na miwili ya ndoa ananiambia "likizo ijayo, mke wangu". Likizo zimekuja na kupita mpaka watoto wameota ndevu.

Yeye anaendesha watalii. Mimi nafundisha Maarifa ya Jamii, darasa la tano. Kwa hiyo nchi hii yeye anaizunguka, mimi naichora ubaoni. Pango, ngome ya kale, ziwa la ndege, maporomoko – yote nimeyapata kutoka mdomoni mwake, mezani, wakati wa kula. Kazini kwao wanamwita Profesa. Si bure.

Nimemuuliza, kuna nini? Akasema hakuna kitu, kwani mtu hawezi kumtembeza mkewe? Nimetabasamu peke yangu kutwa nzima. Hata walioandika majina ya mito vibaya nimewapa nusu alama.

Jumamosi, 3 Agosti

Mama mkwe anakuja! Nani kamwalika? Hakuna. Alisikia kwenye simu, akatokea na mikoba mitatu na mto wake wa kulalia. Anasema mwanawe amewatembeza watu wa dunia nzima, yeye aliyemzaa hajaonyeshwa hata kilima. Hilo nalo ni kweli. Amekaa kiti cha mbele. Kiti changu.

Tumeondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mume wangu alisimama mlangoni mwa gari akatuhesabu. "Moja. Mbili." Akachungulia nyuma kama kuna mwingine. Kisha akatukumbusha kofia, maji ya kunywa, na kwamba tusitoe mikono dirishani. Nikamwambia, baba, ni sisi. Akasema samahani, mazoea.

Anasimama kila baada ya saa mbili, tutake tusitake. "Dakika kumi na tano, choo kiko kulia." Mimi nabaki garini. Mama mkwe anashuka kila mara, kwa heshima ya mwanawe.

Jumapili, 4 Agosti

Pango.

Getini ilikuwa "Profesa! Profesa!" Walinzi walimkumbatia, mimi wakaniita shemeji, mama mkwe wakamwita mama yetu. Kichwa kilinivimba, nakiri. Akatuonyesha pa kuegesha – kivuli cha hapo kinaingia saa nne na hakiondoki mpaka saa tisa. Akatuonyesha vyoo: cha tatu ndicho chenye komeo. Yote kweli, nimehakikisha mwenyewe.

Mlangoni mwa pango akajigonga kichwa. Paa! Pango ambalo ameingia, kwa maneno yake mwenyewe, zaidi ya mara mia tatu. Sote tuliinama, hata mama mkwe na mgongo wake ule. Nikasema labda ni furaha.

Kisha vyumba. Miaka yote ametuambia pango lina vyumba saba. Mwongozaji wa pale alituonyesha vitatu, akasema asanteni kwa kuja. Nikauliza, na vile vinne? Akaniangalia. Mume wangu akadakia kwamba vilifungwa, sababu ya popo. Mwongozaji akasema hajawahi kusikia habari hiyo. Mume wangu akaanza kuisifia tochi ya mwongozaji.

Vitatu! Nimefundisha saba kwa miaka kumi na minane. Swali la nne, mtihani wa muhula wa pili, kila mwaka. Kuna mtoto mmoja aliandika vitatu. Alisimama akaniambia, mwalimu, mimi nimeenda na baba. Nikamwambia aandike "saba" mara ishirini. Sasa ni mtu mzima, yuko posta dirisha la pili, na kila nikienda ananihudumia wa mwisho. Siku zote nilidhani ana kiburi.

Jumatatu, 5 Agosti

Ngome ya kale. Alitupeleka mlango wa kutokea. Mkata tiketi akacheka sana, akidhani ni utani wa Profesa.

Ndani kuna mzinga. Mume wangu akasimama mbele yake, mdomo wazi. "Kumbe mkubwa hivi!" Nikageuka. Nini? "Nasema ni mkubwa hivi… kama kawaida yake." Mama mkwe akaniambia, mwanangu anajua kueleza.

Lakini mwalimu anamjua mtoto ambaye hakusoma. Anatazama dari, anatazama wenzake, halafu anatafuta jibu usoni mwako. Leo nimetafutwa jibu usoni mara tano.

Jumanne, 6 Agosti

Nimejua. Nimejua!

Asubuhi tulirudi ngomeni kwa sababu mama mkwe alisahau mto wake ukutani. Yeye na mwanawe wakaingia kuutafuta, mimi nikabaki maegeshoni. Pale kuna mama anauza chai chini ya bati. Akaniuliza, shemeji, Profesa anaumwa? Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, jana kaingia ndani! Na leo kaingia tena! Miaka yote hii hajawahi kulivuka lile geti.

Akanieleza bila ubaya wowote. Madereva hawaingii. Wanalinda gari na mizigo, wanakaa kwenye benchi lake, wanacheza drafti. Kila mahali ni hivyo hivyo, si hapa tu. Wageni wakirudi garini wanaongea, na Profesa ana masikio. Anayakusanya, wakija madereva wapya anawasimulia mpaka wanasahau zamu zao. Hapo akaniangalia vizuri, akaona uso wangu. Akaniongezea chai bila kuombwa.

Saba! Hata hilo mama wa chai amelisikia kwa Profesa: kuna mgeni alipotea mle pangoni, akakihesabu chumba kimoja mara tano, akarudi garini anahema. Na mimi nikakupeleka kuhema kwake darasani.

Nimeolewa na profesa wa maegesho.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemuuliza wakati wa chai ya asubuhi, hapa gesti, mama mkwe akiwa bafuni. Nimeuliza kama ninavyouliza darasani, taratibu. Umewahi kuliona ziwa kwa macho yako?

Akachovya mkate kwenye chai mpaka ukakatika ukazama. Akasema, kwa mbali. Mbali kiasi gani? Kutoka maegeshoni, ukisimama juu ya bampa.

Nilikuwa karibu kucheka. Kweli, kicheko kilikuwa kimeshafika kooni. Lakini akaendelea. Kampuni inawaondoa madereva wote waliovuka hamsini, mwisho wa mwezi huu. Yeye ana hamsini na mbili. Mkurugenzi amempa nafasi moja: awe mwongozaji wa wageni, kwa kuwa anapajua kila mahali. Atajaribiwa Ijumaa saa nne, na wageni wa kweli, kwenye maporomoko. Ndiyo maana akaomba gari wiki hii, akajionee kabla.

Kwa hiyo hii si safari. Ni marudio ya mtihani! Na mimi nilinunua kofia.

Nimeumia. Siandiki nimeudhika, naandika nimeumia, na hapa hakuna wa kunisahihisha. Miaka ishirini na miwili nangoja kutembezwa na mume wangu, na nilipobebwa nimebebwa kama daftari la mazoezi.

Nimenuna kutwa. Nimekaa kiti cha nyuma kabisa, kile cha mizigo. Mama mkwe akauliza nina nini. Nikasema tumbo. Akanipa dawa yake, chungu ajabu, nikainywa yote kuliko kueleza.

Alhamisi, 8 Agosti

Bado nimenuna. Lakini siwezi kumtazama mtu anakwenda kwenye mtihani hajasoma. Ni ugonjwa wa kazi.

Asubuhi ziwani nikamsimamisha ukingoni nikamwambia, eleza. Akakohoa. "Hili ni ziwa." Endelea. "Lina maji." Sifuri! Nikamwambia basi nieleze kitu chochote unachokijua hapa. Akaanza habari za mlinzi wa geti – mwaka wa kumi na tano analinda ndege wa ziwa, maelfu kwa maelfu, na nyumbani kwake anaogopa kuku, mkewe ndiye anayewafungia bandani. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nimenuna. Nikamwambia hayo ndiyo ukawaeleze wageni. Akasema hayo si elimu. Nikamuuliza, mwalimu hapa ni nani?

Nimekata boksi la biskuti, nimemtengenezea kadi kumi na mbili. Urefu, kina, mwaka. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anamshikia, na kila akikosea anamwambia "sawa kabisa, mwanangu". Imebidi nimpokonye.

Mpango ulikuwa tufike maporomoko leo, kabla hawajafunga saa kumi na moja, ayaone walau mara moja. Tumefika saa kumi na moja na dakika saba. Kwa nini? Kwa sababu alisimama kila baada ya saa mbili! Choo kiko kulia!

Mlinzi alikuwa anafunga mnyororo. Wakakumbatiana. Mume wangu akasema, ndugu yangu, nichungulie dakika moja tu. Mlinzi akacheka akashika tumbo. Wewe, Profesa? Uchungulie nini, wewe si ndiye wa kutuonyesha sisi? Nikamkanyaga mume wangu mguu: mwambie ukweli, atakufungulia. Akaniangalia. Akamwangalia mlinzi. Akacheka naye, haa haa, kweli kabisa, ndugu yangu. Na tukageuza gari.

Mtu huyu atakufa na tai shingoni.

Ijumaa, 9 Agosti

Saa nne na nusu. Naandikia hapa hapa, kwenye benchi la saruji chini ya ngazi. Sitaweza kungoja mpaka nyumbani.

Wageni ni sita. Mkurugenzi ni mama mmoja mkavu, ana kalamu na fomu kwenye ubao mdogo. Mume wangu amevaa shati nililopiga pasi mimi. (Kununa ni kununa, pasi ni pasi.)

Alianza pale getini. Hakugusa kadi hata moja! Akawaambia kivuli kinakaa mpaka saa ngapi. Akawaambia choo kipi kina komeo. Akawaeleza jinsi mlinzi alivyomfungia getini bosi wake mwenyewe kwa kuwa hakuwa na tiketi, na mlinzi yupo pale pale anaitikia, ndiyo, nilimfungia. Wageni walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Mkurugenzi akaandika kitu. Nilinyoosha shingo, sikuona ni vema au ni kosa.

Kisha ngazi. Kibao kinasema mia mbili na kumi. Mama mkwe akaangalia ngazi, akaangalia magoti yake, akakaa. Nikabaki naye. Hakuna aliyeniomba nibaki. Hakuna aliyeniomba nipande vilevile, na hilo nimeliona. Mume wangu aliwapungia wageni mkono, akatangulia, wakapotea kwenye kona.

Maji yanasikika hapa, hayaonekani.

Mama mkwe ameniambia, akizitazama zile ngazi: usidhani sijui. Nikamuuliza, hujui nini, mama? Akasema, tangu mdogo yuko hivyo. Wenzake wakienda mtoni kuogelea yeye analinda nguo. Nikauliza alikuwa anaogopa maji? Akasema hata kidogo. Walimwambia wewe ndiye mwaminifu, basi akajiona mkubwa, akakaa nazo. Jioni anarudi mkavu, na anatusimulia walivyoogelea, anasimulia vizuri kuliko wao waliolowa.

Nilihisi kinyongo kinalegea. Nikakishikilia.

Saa tano kasoro robo. Nimesikia sauti yake huko juu. Si maelezo. Ni ukelele mmoja: "Mama yangu weee!" Mama mkwe akaitika, "Naam!" Halafu kimya. Maji tu.

Basi. Kazi imekwenda. Aliyeyaona maporomoko miaka ishirini na miwili hapigi ukelele wa namna ile, na mkurugenzi si kiziwi.

Saa tano. Anashuka! Peke yake! Anaruka ngazi mbili mbili, shati limelowa lote, kifungo kimoja hakipo. Nimesimama. Umefeli? Anasema hajui. Wageni wako wapi? Juu. Mkurugenzi? Yuko nao. Amekutuma? Hapana. Sasa umeshuka kufanya nini, na mtihani unaendelea?

Akajishika kiuno apate pumzi. Akasema, "Twende ukaone."

Nimemwambia arudi. Kwa sauti ya darasani, ile ambayo hata mwalimu mkuu hukaa chini: rudi juu sasa hivi! Mwisho wa mwezi tutakula maporomoko? Hakurudi. Akasema amefungua mdomo awaeleze wageni, yakamshinda. Maana kila kitu kizuri cha nchi hii amekisimulia kwangu kwanza, na chote kilikuwa cha kuambiwa. Leo ameona kimoja kwa macho yake, akageuka aniambie, akakuta mkurugenzi.

"Hiki sikusimulii," akasema. "Twende."

Mama mkwe kasema nenda basi, unaniziba upepo.

Sasa mkurugenzi anaita kutoka juu. Profesa! Profesa, wageni wanauliza! Haitikii. Amenyoosha mkono, na mimi mkono wangu una kalamu. Nimemwambia angoje nimalize sentensi. Anangoja. Amesimama hapa hapa mbele yangu, anadondosha maji juu ya ukurasa, wino unaanza ku–