Mursik ya Chebet

Jumatatu, 3 Machi
Nimekagua choo cha mwanangu Chebet kabla ya shule, kama kila asubuhi. Damu tena. Kidogo, lakini damu. Wiki mbili tangu daktari akataze maziwa, nami nimetii kama askari. Nyumba nzima tunakunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Mbona haponi? Naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Vipele kwenye viwiko vyote, tumbo limekaza. Ana miaka minne na suruali zinamteleza. Nimempa mursik vijiko viwili kumtuliza. Kogo, nyanya yake, hutuletea kibuyu kutoka Sachangwan. Kwetu ndiyo dawa ya tumbo.

Alhamisi, 6 Machi
Damu nyingi. Sikumfungia hata sweta. Tukakimbilia kliniki. Daktari ameeleza tena, polepole: kinga ya mwili inayomletea vipele ina vipokezi, sehemu zake za kunasa vichokozi, hata utumboni. Vikichokozwa na maziwa, utumbo unavimba, bakteria wazuri wanapungua, wabaya wanajaa. Kisha akauliza.

"Mama Chebet, hakuna kitu ingine ya maziwa anakunywa?"

"Hakuna, daktari. Ni mursik tu."

Akaweka kalamu chini.

Nilidhani maziwa yakishalala kibuyuni na mkaa hadi yachachuke si maziwa tena. Ndivyo nilivyolelewa. Kumbe kila alipolia tumbo nilimwongezea kilichomuumiza. Mimi mwenyewe, na bado nikimbembeleza ameze.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia Kogo, nikamwambia yote. Akasema tu: "Hata baba yake nililea na hiyo." Nimemkasirikia bure. Aliyemlisha ni mimi.

Daktari anasema huenda utumbo ukatulia, huenda akaingizwa kamera tumboni. Hiyo "huenda" imeninyima usingizi na chakula.

Jumatano, 12 Machi
Ute, na uzi mmoja mwekundu. Nimeutazama hadi mwalimu akapiga simu kuuliza kama mtoto anakuja. Je, kama nimeshamharibia tumbo maisha yake yote? Sijathubutu kumuuliza daktari.

Jumapili, 16 Machi
Siku ya tatu bila damu. Daktari ameonya tusishangilie mapema, utumbo hupona kwa mwendo wake. Sijashangilia. Nimejifungia chooni nikalia.

Chebet akabisha. Akauliza kama na mimi tumbo linaniuma. Nikasema hapana. Basi nitoke, akasema, na yeye anataka choo.

Nimetoka, nikasimama mlangoni kumngoja.