Mguu wa Mama Kabula

Bariadi, Jumanne

Bado nimemkasirikia daktari wa upasuaji. Mama Kabula, mkulima wa pamba kutoka Migato, ana pumu, na mguu wake ulioza kwa kuumwa na nyoka, ikabidi ukatwe. Mimi ndiye mtoa usingizi, na daktari alitaka nimlaze usingizi kabisa. Nilikataa. Kwa kifua kile, angelala moja kwa moja.

Nilimchoma sindano ya ganzi ya mgongo, inayoua maumivu kuanzia kiunoni huku mgonjwa yuko macho, ya zile zinazopatikana sasa kwenye maduka binafsi ya dawa Mwanza. Nilikaa kichwani pake, tukaongea Kisukuma habari za ng'ombe wake. Moyoni niliogopa sana.

Daktari alipomaliza kushona, mama akauliza, "Wataanza saa ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia wamekwisha. Akaulilia mguu wake, lakini si kwa maumivu.

Mgonjwa wa kesho naye nitamchoma mgongoni, daktari atake asitake.