Usikojoe Hapa, Juu ya Kitanda

Taichung, 3 Agosti 2023

Baba,

Naupokea mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu kwa heshima. U hali gani? Kifua kimepoa? Mama Cora jirani ameniambia bado unavuta sigara nyuma ya nyumba ukidhani huonekani. Mimi ni mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama zamu nzima.

Nakuja kwenye neno lenyewe. Mkataba wangu hapa kiwandani ugenini unaisha katikati ya Novemba. Ofisi inataka jibu kabla ya tarehe thelathini na moja Oktoba: nitie saini miaka mitatu mingine, au nirudi. Safari hii nataka kurudi, Baba. Nimesema nataka, sijasema narudi, kwa hiyo usianze kuwatangazia watu kanisani.

Kuna jambo moja litanisaidia kuamua, nalo ni chumba changu. Niliondoka nina miaka ishirini na tatu, nikaacha kalenda ya parokia na pazia la vipepeo. Sasa nina thelathini na mbili. Nataka nikifungua mlango nikute chumba changu kweli, na nakitaka kwa mtindo wa mtaani. Ukuta wa kitandani uwe mweusi, uchorwe zile herufi zilizovimba na kupandana kama za chini ya madaraja. Taa za rangi zizunguke dari. Picha nakutumia, na sanduku la vitu liko njiani. Sitaki fundi mwingine. Wewe ndiye mwandika vibao wa Tondo, nani atanichorea kama si wewe?

Mwanao,
Jovelyn


Tondo, Manila, 20 Agosti 2023

Mwanangu Jovelyn,

Mungu akubariki. Mimi mzima, kifua kizima. Mama Cora ana macho marefu kuliko kazi zake. Barua hii naiandika kwa mkono, na yeye ndiye ataipiga picha akutumie, kwa hiyo na hilo atalisoma.

Picha zako nimeziangalia. Nimezigeuza juu chini, nikavaa miwani, nikavua miwani. Mwanangu, hizo herufi hazisomeki. Nimeandika ubavuni mwa jipni za abiria miaka arobaini, na sheria ya kazi yetu ni moja: mtu aliye ng'ambo ya barabara, jua limempiga machoni na mkononi ana kuku, asome QUIAPO na ajue ni QUIAPO. Asiposoma, gari linampita. Sasa wewe unaniomba niandike kitu ambacho hata aliyelala chini yake hatakisoma. Ni cha nini?

Lakini ni chumba chako, na mimi ni baba yako, na kusema kweli brashi zangu zimekauka. Kwa sababu ya haya mabasi mapya yenye maandishi ya taa, sijapata jipni hata moja ya kuandika tangu Februari. Nitaufanya ukuta wako.

Sanduku limefika salama. Taulo na sabuni nimeziweka chumbani kwako pamoja na zile nyingine, za wageni. Ule ubao wa magurudumu umefaa sana, nimeuweka chini ya pipa la maji, sasa nalisukuma kwa kidole. Taa za rangi nimemzungushia Bikira Maria pale sebuleni, amependeza mno, majirani wanakuja kumwangalia. Viatu vya raba vinanibana kidogo lakini nakwenda navyo misa.

Baba yako


Taichung, 2 Septemba 2023

Baba,

Naupokea mkono wako. Habari za afya nitauliza nikishapoa.

Ubao wa magurudumu, ule wanaotelezea vijana mitaani, ni wa kutundika ukutani. Taa ni za dari ya chumba changu. Viatu ni vya kuwekwa kwenye rafu viangaliwe, na ni namba yangu, si yako. Hivi picha uliziangalia kweli?

Na hizo taulo, Baba. Miaka tisa natuma taulo. Ni za kujifutia. Ni wageni gani hao unaowangoja, wanakuja na meli? Wewe unajifuta kwa fulana kuukuu, halafu chumba changu kimegeuka bohari ya sabuni. Toa kila kitu. Tumia.

Tafadhali sikiliza. Sitaki farasi anayeruka. Sitaki maua ya waridi, wala machweo, wala tai wa dhahabu. Usinichoree ukuta kama jipni. Nataka mtaa. Ukuta uwe kama mtaa umeingia ndani. Ni ombi dogo hilo.

Mwanao,
Jovelyn


Tondo, 24 Septemba 2023

Mwanangu mpendwa,

Mungu akubariki na akupunguzie hasira, ulizirithi kwa marehemu mama yako Nenita, mimi sinazo. Natumaini miguu haijambo. Loweka kwenye maji ya chumvi.

Kazi imekwisha. Nimehamisha sabuni zote chini ya kitanda changu. Nimekwangua ukuta, nikapaka nyeusi mara tatu, nikaanza. Ulisema mtaa, na mtaa naujua. Nimeutembea kwa miguu miaka sitini na tano, sihitaji picha za New York.

Kushoto nimeandika QUIAPO KUPITIA RECTO, kwa herufi nzito zenye kivuli. Chini yake, ASUBUHI LETE CHENJI TU, kama inavyoandikwa nyuma ya kila dereva. Karibu na swichi nimeweka VUTA KAMBA KUSHUKA, na kamba nimefunga kweli, ukiivuta inalia kengele jikoni kwangu. Pembeni pana mshale wa kwa fundi viatu na tangazo la barafu. Na juu ya kitanda, katikati kabisa, kwa nyekundu yenye ukingo wa manjano, USIKOJOE HAPA. Andiko gani ni la mtaani kuliko hilo? Hakuna ukuta Manila nzima usio nalo. Niliandika nikiwa nimesimama kwenye ngazi siku nzima, na mkono haukutetemeka hata kidogo.

Farasi nimemwacha. Yupo mdogo tu nyuma ya mlango, hutamwona.

Mama Cora amepiga picha saba. Niambie.

Baba yako


Taichung, 27 Septemba 2023

Baba,

Shukuru Mungu sikuifungua mbele ya wasimamizi. Niliifungua bwenini, na wenzangu saba wakaja kuchungulia, na yule wa Iloilo akasoma kwa sauti kile kilichoandikwa juu ya kitanda changu. Wamecheka mpaka leo. Wananiuliza nina tatizo gani la kibofu.

Unajua chumba ninacholala kikoje? Sijawahi kukwambia kwa sababu ungenung'unika. Tunalala wanane. Kitanda changu ni cha juu, kimegusa ukuta, na ukuta ni mweupe. Kanuni ya tatu ya bweni: hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna picha. Mwaka wa kwanza nilibandika picha ya mama kwa chingamu niliyoitafuna, wakaibandua, wakaniita ofisini kama mwizi. Miaka tisa naamka naangalia ukuta usio na kitu. Basi la kiwanda linapita chini ya daraja lenye zile herufi, na hicho ndicho kitu pekee njia nzima ambacho mtu alikifanya bila kuomba ruhusa. Nilitaka kulala chini ya kitu kama hicho mara moja maishani mwangu. Na neno la kwanza ukutani kwangu, baada ya miaka tisa, ni la kunikataza.

Usijisumbue tena. Paka nyeupe, rudisha sabuni. Fomu ya miaka mitatu iko kwenye droo yangu. Huenda ikawa bora hivyo, huko nyumbani pia nitakuwa mgeni, labda ndipo nitapewa taulo.

Jovelyn


Tondo, 29 Oktoba 2023

Mwanangu,

Mungu akubariki. Hujauliza afya yangu na mimi sijaandika mwezi mzima, kwa hiyo tumelingana.

Nilikasirika. Sikujua la kufanya na hasira hiyo, nikawa navaa vile viatu vyako makusudi. Ukuta ule ulikuwa kazi yangu ya kwanza tangu Februari, na kazi nzuri, na nilitaka uniambie baba umefanya vizuri. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa umejua.

Juzi nilikwenda makaburini. Mwisho wa Oktoba ndio msimu wangu, watu wanataka majina ya wafu wao yapakwe upya kabla ya siku yao. Nimepaka ishirini na mawili. La mama yako nililifanya la mwisho, polepole. Nikiwa narudi na ndoo zangu nikapita chini ya barabara ya juu, pale penye herufi za wale wahuni, nikasema leo siondoki mpaka nisome. Nikaweka ndoo chini, nikaikalia. Nilikaa sana. Mlinzi alikuja kuniuliza kama naumwa, nikamwambia nasoma, akaenda zake. Nikaanza kuona mgongo wa R, halafu A iliyokunjwa goti, na mwisho nikaipata yote. Jovelyn, lilikuwa jina. Jina la mtu tu. Nikatazama la pembeni, nalo jina. Ukuta mzima ni majina.

Nilijisikia mjinga. Miaka arobaini wenye jipni wananiambia andika mbele jina la binti yangu, na kaburini andika jina la mke wangu, na wewe ulikuwa unaniomba hilo hilo, na mimi nikakuandikia Quiapo.

Nimefuta katikati. Nimejaribu kwenye makaratasi ya masanduku yako, nimeharibu matano, kwa sababu mkono wangu umezoea kusomeka na unarudi wenyewe kwenye mstari. La sita likakubali. Sasa jina lako liko juu ya kitanda, kutoka kona mpaka kona, chungwa na buluu, herufi zimevimba na kupandana. Mama Cora aliliangalia, akasema ni samaki. Nikajua nimepatia. Ubao wa magurudumu umetundikwa. Taa nimemnyang'anya Bikira, anisamehe. Lile katazo nimelihamisha, sikulifuta, liko dogo chini karibu na sakafu, kwa sababu ile nyekundu niliipatia sana.

Kuna jambo jingine sijawahi kukwambia. Unakijua kibao cha njia kwenye kioo cha jipni, upande mmoja mwisho huu, upande wa pili mwisho ule, na dereva akifika anakigeuza. Wiki uliyoondoka niliandika kimoja, nikakitundika kwenye mlango wako. Upande mmoja TAICHUNG, upande wa pili TONDO. Miaka tisa kimekaa TAICHUNG. Jana nimekifuta vumbi. Sikukigeuza. Kibao hugeuzwa na dereva, si mwandika vibao.

Ukitia saini, tia. Sitanung'unika, au nitanung'unika kwa Mama Cora tu. Ila mimi nataka urudi. Sikuwahi kukuandikia hivyo kwa sababu nilidhani unajua.

Baba yako


Tondo, 12 Novemba 2023

Mwanangu,

Mungu akubariki. U mzima? Tarehe thelathini na moja imepita na siku kumi na mbili juu yake. Simu yako inaita tu. Mama Cora anasema picha za barua umezifungua, ana namna ya kuona.

Niambie tu kama umesaini. Nimeshajizoesha.

Baba


Mezani jikoni, 19 Novemba 2023

Baba,

Sijaupokea mkono wako asubuhi hii kwa sababu umelala na unakoroma, na safari ya jana ya kunipokea uwanja wa ndege imekuchosha kuliko mimi niliyesafiri. Nimekwenda sokoni kununua samaki wakavu na vitunguu saumu. Ndani ya nyumba hii kuna sabuni mia moja na hakuna yai hata moja.

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa niliisomea chooni kiwandani. Kesho yake nikapeleka jibu ofisini. Sikukujibu wewe kwa sababu kila nikianza kuandika nalia, na msimamizi alishaniuliza mara mbili kama macho yanauma. Ulijizoesha bure, pole.

Ile L umeikosea, mkia unatakiwa upite nyuma ya Y. Usithubutu kuigusa. Farasi nimemwona, ni mkubwa kama mbuzi. Naye abaki.

Nimefungua taulo zote, nimezifua, ziko kwenye kamba. Usiseme kitu.

Kibao cha mlangoni nimekigeuza mwenyewe.

Mwanao,
Jovelyn


(chini ya karatasi hiyo hiyo)

Nimekiona. Nimekipigilia misumari minne. Nipo kwa Mama Cora, namrudishia nyundo.

Baba