Shangazi Agneta na Trauti wa Kuresoi

Jumamosi, jioni. Nakuru kumenyesha, Kuresoi kumenyesha zaidi. Soksi zangu ziko nyuma ya friji zikijaribu kukauka, na masikioni bado nasikia mto.

Leo nimempeleka shangazi yangu Agneta kuvua samaki.

Ukimjua Agneta, hiyo sentensi inachekesha. Ameuza samaki sokoni hapa Nakuru miaka thelathini. Ameparua magamba ya tilapia ya kutosha kuezeka nyumba. Lakini mwezi uliopita, kwenye chai ya kumuaga (bega limekataa kazi), Mama Brayo wa meza ya jirani alimuuliza mbele ya wote kama amewahi kuvua hata mmoja. Hajawahi. Samaki wake humfikia kwa lori, ndani ya barafu. Wanawake walicheka mpaka chai ikamwagika. Shangazi akaapa atavua mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Mama Brayo akasema ataamini akimwona kwenye sahani.

Basi watoto wake wakamtafutia siku moja na mwelekezi huko Kuresoi, ambako mito inayotoka msituni ina trauti. Hao ni samaki wa maji baridi walioletwa na wazungu zamani. Wazungu waliondoka, samaki wakabaki.

Mwelekezi anaitwa Kiprono. Koti la mvua, gambuti, maneno machache. Nilidhani atatugawia fimbo tuanze kazi. Badala yake alikaa juu ya jiwe akaangalia maji. Dakika kumi. Ishirini. Kisha akaingia mtoni, akageuza jiwe jingine na kutuonyesha wadudu wadogo waliojishikilia chini yake. Halafu akafungua kikopo kilichowahi kuwa na peremende za kikohozi. Ndani mlikuwa na wadudu bandia aliowafunga mwenyewe juu ya ndoano kwa uzi na manyoya ya shingo ya jogoo wa mamake. Akachagua mmoja aliyefanana na wale wa chini ya jiwe.

Nimeishi miaka arobaini na moja bila kujua kwamba samaki ana menyu.

"Kijana, unavua ama unatongoza?" shangazi akamuuliza.

"Ni kitu moja, mathe. Ukiharakisha, anaenda."

Hapo nikampenda huyo jamaa.

Na kurusha kwake! Uzi ulienda nyuma, ukangoja kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ukaja mbele, na yule mdudu akatua mtoni bila maji kujua. Wa shangazi ulitua kwenye mti. Wa pili ulinasa kofia yangu, na kichwa kilikuwa ndani. Kiprono hakucheka. Alipoona bega linamuuma shangazi, alimwambia abane kiwiko ubavuni kana kwamba ana gazeti kwapani, atumie mkono kuanzia kiwiko kwenda chini tu. Kila akikosea: "Tena, mathe." Sauti ile ile, asubuhi nzima. Mimi ningekuwa nimempa kiti na chai.

Kama saa saba, trauti akashika. Shangazi akamvuta polepole mpaka ukingoni, vizuri kabisa. Kisha mikono yake ikafanya inachojua. Akatia kidole gumba na cha shahada kwenye matamvua na kumwinua, kama anavyomwonyesha mteja wekundu wa ndani.

Samaki wa mezani hawajawahi kumjibu. Huyu alijibu. Alijikunja mara moja, shangazi akapiga kelele na kukaa mtoni kitako. Samaki hayupo.

"Lakini huyu ako hai," akasema kutoka majini, kwa sauti ya mtu anayelalamika kwa meneja.

Nilicheka. Kisha nikaona anavitazama vidole vyake, nikaacha. Miaka thelathini, na hajawahi kushika samaki aliye hai.

Kiprono akamwinua, akamweleza taratibu: lowesha mikono kwanza, mshike tumboni kama mtoto anayeogeshwa, matamvua usiguse, hapo ndipo anapumulia. Agneta, aliyefundisha soko zima habari za samaki, alisikiliza kama mwanafunzi.

Ngurumo zikaanza upande wa Molo. Tulikuwa na nusu saa, Kiprono alisema, kabla mto haujawa chai ya maziwa. Shangazi akarusha tena, kiwiko ubavuni, kama gazeti bado liko kwapani.

Mwingine akashika.

Safari hii alimpokea kwa mikono miwili iliyolowa. Madoa meusi, mstari wa waridi ubavuni, jicho linalong'aa. Alimtazama akifungua na kufunga matamvua.

"Miaka yote nimeambia watu samaki yangu ni fresh," akasema. "Aki nilikuwa nawadanganya bila kujua."

Ruhusa ilikuwa ya kubeba mmoja. Kiprono akatoa kirungu kidogo, akamwonyesha pa kugonga. Shangazi akakiangalia kile kirungu. Hiyo kazi mtu mwingine alikuwa akimfanyia, mbali, kabla ya lori. Nilifikiria sahani inayongojewa sokoni. Nadhani naye aliifikiria, maana alitaja jina la Mama Brayo polepole, na si kwa upendo.

Kisha akashusha mikono majini, akaifungua.

Samaki alibaki pale kidogo, kama asiyeamini. Akaenda.

Simu yangu ilikuwa mfukoni. Picha sikupiga. Nilikuwa nikitazama.

Tukirudi, garini, shangazi akanipa amri. "Ukiandika kwa hiyo blogi yako, andika iliniponyoka. Hao wa sokoni wakisikia nimeachilia samaki, watasema nimezeeka."

Nikasema sawa, shangazi. Kwake mimi husema sawa.

Nimeandika hivyo mara tatu jioni hii, nikafuta mara tatu. Wa kwanza aliponyoka, kweli. Huyu wa pili nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na niliona vidole vikifunguka kimoja kimoja.

Kwa hivyo, Mama Brayo, kama unasoma: alimvua, kisha akamwacha aende. Picha hakuna. Kuna mimi.

Kesho kabla ya kanisa shangazi atapiga simu, na nitaishika.