Uwanja Uliofagiwa Mapema

Mama,

Maharage yako jikoni, bado chumvi. Dawa ya presha meza ukishakula. Vitabu nilivyorudi navyo kutoka chuoni Dodoma, mdogo wangu Zuleica ~~aviuze~~ avisome. Jeshini sina kazi navyo.

Moyo umekufa ganzi tu, hata woga sina. Ila asubuhi niliudhika: mwanao anakwenda jeshini kuanza tropa, wewe unafagia uwanja, hata kunitazama hunitazami! Kisha ukachukua ndoo, ukaenda kisimani. Nimekaa hapa mezani ndipo nikakumbuka: msafiri akiondoka, siku hiyo hakufagiwi nyuma yake, ili arudi. Kumbe ulikuwa unawahi.

Gari la jeshi linapiga honi. Nitapita katikati ya uwanja, nikanyage kwa nguvu. Nyayo uziache.

Kifungua mimba wako,
Sadique