Nati za Gurudumu la Mbele

Jumanne

Gurudumu la mbele kushoto lilichomoka mteremkoni, tukitoka Benaco, na mama alikuwa amekaa upande huohuo. Gari liliinama kwa kishindo, likaburuzika hadi ukingoni mwa barabara. Gurudumu lenyewe likatupita, likaishia kwenye migomba ya watu.

Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Umeumia?"

Muda mfupi kabla ya hapo fundi wa pancha ndiye aliyelifunga gurudumu hilo. Nilimpigia simu, akaja na pikipiki. Diski ya breki imesagika, madigadi imekunjamana. Akasema, "Dada, mimi nilikaza zote."

Kisha akamgeukia mama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simu yako ilipoita, mwanangu, nati ulikuwa unazifunga kwa vidole. Ulipomaliza kuongea ukashusha jeki."

Fundi akainamisha kichwa. Ameahidi kulitengeneza gari kwa gharama yake. Sawa, na alitengeneze.

Kinachoninyima usingizi ni mama. Tulipofika nyumbani nilimuuliza mbona hakuniambia palepale.

"Nilidhani ndivyo wanavyofanya," akasema. "Na wewe ulikuwa umesimama hapo, unaangalia."

Alhamisi ana kliniki ya presha. Nimemwambia nitaazima gari la shemeji, nimpeleke mwenyewe. Akasema nisihangaike, atapanda basi. Alisema kwa upole, huku ananisogezea chai.

Sijui anachoogopa ni gari, au ni mimi.